Kwa nini takwimu hupikwa: niliyoyaona uwandani na ukumbini

Mradi wangu wa kwanza ulilipa kwa dodoso. Ukijaza moja na msimamizi akalikubali, unahesabiwa hela yako. Usipojaza, umetembea bure. Nauli ya bodaboda juu yako, chakula juu yako, na kaya za kuhojiwa zilikuwa zimechaguliwa na kompyuta iliyokuwa Dar es Salaam, isiyojua kwamba kitongoji cha mwisho kiko ng'ambo ya korongo na mvua ikinyesha hakuvukiki. Tulikuwa Mkoa wa Singida, msimu wa kupalilia. Ukifika nyumbani kwa mtu saa nne asubuhi unamkuta bibi na wajukuu wawili, na mama unayetakiwa kumhoji yuko shambani, atarudi jua likizama.

Dodoso lenyewe lilikuwa refu hasa. Sehemu ya chakula peke yake ilitaka kujua mtoto alikula nini jana tangu alipoamka hadi alipolala: uji, mlenda, dagaa, embe aliloliokota kwa jirani, kila kitu na kiasi chake. Kisha umpime urefu kwenye ubao maalumu huku anapiga mayowe na mama yake anamshika magoti. Ukifanya kwa haki, kaya moja inakula saa nzima na ushee. Sasa mchukue kijana mwenye diploma, mwenye deni la kodi ya chumba, mweke mbele ya nyumba isiyo na mtu, kisha mwambie analipwa kwa fomu. Wengi wetu tulimsubiri mama. Wachache walitafuta kivuli, wakamaliza kaya tatu kabla ya adhuhuri bila kupiga hodi popote.

Ningependa kusema kwamba hao wachache walikuwa watu wa hovyo, lakini sivyo. Mmoja wao ndiye aliyependwa kuliko sote vijijini. Aliamkia wazee kwa Kinyaturu, akambeba mgonjwa hadi zahanati kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, na alikuwa akimsomesha mdogo wake kidato cha tano. Kupika takwimu kwake hakukuwa wizi. Alikuwa anafidia kile ambacho mkataba ulimnyang'anya.

Miaka ikapita, nikapandishwa kuwa msimamizi, na kazi yangu ikawa kukagua data kila usiku gesti. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba takwimu za kweli ni mbaya kwa sura. Waulize wazee wa kijiji umri wao: wengi watakujibu 50, 60, 65, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakuna na mwaka wenyewe wanaukadiria kwa njaa au mvua fulani. Kwa hiyo orodha ya kweli ya umri ina vilima kwenye sifuri na tano. Hilo wataalamu wa takwimu wanalijua siku nyingi, na wana kipimo chake, kipimo cha Whipple. Mpishi wa takwimu hajui. Anadhani 50 na 60 zitamuumbua, basi anaandika 47, 53, 61, 38. Orodha yake inapendeza mno. Watoto wake hawana uzito wa ajabu, akina mama wake wote wanakumbuka tarehe ya kliniki, na hakuna kaya hata moja iliyomfukuza.

Vishikwambi vilipoingia, mambo yakarahisika zaidi, kwa sababu kifaa kinaandika chenyewe saa ulipoanza, saa ulipomaliza na mahali uliposimama. Usiku mmoja nikamwita yule kijana kipenzi cha vijiji, tukiwa tena mradi mmoja.

"Kaka, kaya zako tatu za leo, GPS inaonyesha zote ziko shule ya msingi."

"Bosi, si unajua huku mtandao unasumbua."

"GPS haitumii mtandao."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Wewe unalipwa kwa siku, si ndiyo?"

Ndiyo, nilikuwa nalipwa kwa siku. Nilipata hela ileile niwe nimekuta watu majumbani au sikuwakuta. Uaminifu wangu haukunigharimu kitu.

Mradi uliofuata ulikuwa na mratibu mwanamke aliyewahi kuwa mdodosaji yeye mwenyewe, na nadhani ndiyo maana alibadilisha malipo yote. Posho ya siku, nauli mbali, na msimamizi anarudia kaya chache za kila mdodosaji, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kuuliza maswali machache yaleyale. Timu ilikuwa na sura nyingi zilezile. Jambo la kwanza kubadilika lilinishangaza: kaya zilizokataa zikaanza kuonekana kwenye ripoti. Huyu amekataa, huyu amehama, hii nyumba imefungwa, mwenyewe yuko msibani Manyoni. Kumbe watu walikuwa wanakataa siku zote, ila kukataa hakukuwa na bei, kwa hiyo hakukuandikwa. Na yule kijana akawa mmoja wa wadodosaji bora niliowahi kufanya nao kazi. Tabia yake ilikuwa ileile. Fomu ya malipo ndiyo iliyobadilika.

Nilidhani hapo nimelielewa jambo zima: tatizo ni njaa, mlipe mtu vizuri atasema kweli. Kisha nikaalikwa kwenye kikao cha uchambuzi katika hoteli moja Dodoma, pamoja na watu wasio na njaa kabisa.

Utafiti ulikuwa wa kupima kama mradi fulani wa lishe umepunguza udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tulipima vijiji vya mradi na vijiji vya kulinganishia. Asubuhi ile mtakwimu wetu, binti mpole aliyekuwa anasoma shahada ya uzamivu, akaonyesha ukutani: hakuna tofauti. Urefu wa watoto kwa umri wao ulikuwa uleule pande zote mbili.

Profesa aliyeongoza utafiti hakusema tubadilishe namba. Katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia mtu yeyote akitamka hivyo. Alisema, "Hebu tuwaangalie wa miezi 6 hadi 23 peke yao, ndio waliofaidi mradi tangu mwanzo." Wakaangaliwa, tofauti kidogo ikaanza kuchungulia. Akasema tukitoe kile kijiji kilichopata ukame, kwa sababu si haki kukilinganisha na vingine. Kikatolewa. Baada ya chakula cha mchana akauliza kwa nini tunang'ang'ania urefu, wakati tuna takwimu za aina za vyakula alivyokula mtoto. Saa kumi jioni tulikuwa na matokeo mazuri, na kila hatua iliyotufikisha hapo ilikuwa na sababu ambayo mtu mzima anaweza kuisimamia.

Nilinyoosha mkono nikauliza: itifaki, ule mpango wa utafiti tulioupeleka kwenye kamati ya maadili, si ilisema kipimo kikuu ni urefu? Profesa akanitazama kwa upole kabisa. "Kazi ya uwandani umetufanyia nzuri sana. Hii ya uchambuzi tuachie sisi." Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na wahudumu wakaleta chai na sambusa. Mtakwimu alikuwa ameketi ubavuni kwangu, itifaki ile ile ikiwa wazi kwenye kompyuta yake. Akaifunga.

Jioni nikamuuliza, "Dada, mbona hukusema?"

"Niseme, halafu tasnifu yangu asaini nani?"

Fedha ilikuwemo, bila shaka. Awamu ya pili ya ufadhili ilitegemea ripoti ile, na awamu ya pili ndiyo mishahara ya madereva, mhasibu, na vijana wa takwimu. Lakini si fedha iliyomfunga mdomo yule binti ukumbini. Ilikuwa cheo. Ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kukosolewa na asipoteze kitu, na huyo mmoja ndiye hakukosolewa. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na saini anayoisubiri.

Siku chache baadaye dada yule akanitumia kwa WhatsApp makala kuhusu sukari. Mwaka 1965 taasisi ya utafiti ya wenye viwanda vya sukari Marekani iliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500 waandike mapitio ya tafiti kuhusu sukari, mafuta na ugonjwa wa moyo. Mapitio yakachapishwa 1967 katika New England Journal of Medicine, yakielekeza kidole kwenye mafuta na kuipunguzia sukari mzigo. Aliyelipa hakutajwa, na wakati ule jarida halikudai atajwe. Barua za makubaliano zilikuja kuchapishwa na watafiti wengine mwaka 2016, karibu nusu karne baadaye. Kiasi kile cha fedha kilinishtua kwa udogo wake. Zaidi ya hapo, hakuna aliyebuni namba. Walichofanya ni kuwa wakali kwa tafiti zilizoilaumu sukari na wapole kwa zile zilizoyalaumu mafuta. "Umeuona mkutano wetu?" akaandika chini yake, na kicheko.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma visa hivi kama wengine wanavyofuatilia ligi, na kinachonivuta siku zote ni kumtafuta mtu mdogo aliyekuwa chumbani. Mwanasayansi Hwang Woo-suk wa Korea Kusini, kwa mfano. Makala zake mbili za mwaka 2004 na 2005 katika jarida la Science zilidai kwamba ametengeneza viinitete vya binadamu kwa njia ya kuzalisha nakala (cloning) na kuvuna humo seli shina, zile zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine. Nchi ikalewa sifa. Serikali ikampa cheo cha mwanasayansi mkuu, posta ikatoa stempu. Ilibainika baadaye kwamba watafiti wadogo wa kike wa maabara yake walikuwa wametoa mayai yao wenyewe kwa ajili ya kazi ya bosi. Mwenye kuelewa ukumbi wa Dodoma hataniuliza kwa nini. Na aliyetoboa siri alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara hiyo, aliyepeleka taarifa kwa kipindi cha uchunguzi cha televisheni ya MBC. Wananchi wakakasirika, lakini waliyemkasirikia ni televisheni. Wenye matangazo ya biashara wakakikimbia kipindi. Chuo kikuu kilipochunguza kikakuta data zimebuniwa, na Januari 2006 Science ikazifuta makala zote mbili. Kijana yule wakati huo alikuwa ameshaacha kazi yake hospitalini.

Kisa kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 2020, kwa sababu kilituhusu sisi wa madaftari.

Tarehe 22 Mei mwaka huo, korona ikiwa imepamba moto, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Ulidai kwamba wagonjwa waliopewa hydroxychloroquine walikufa zaidi. Data zilitoka kwa kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere. Mwandishi wa kwanza alikuwa profesa wa Harvard. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo.

Mimi nimekaa kwenye zahanati na vituo vya afya siku nyingi nikinakili kutoka vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa ya Wizara yenye mistari na visanduku. Nieleze ukurasa mmoja wa kitabu cha wagonjwa wa nje ulivyo. Jina moja, la pili halisomeki. Umri umeandikwa "MM", maana yake mtu mzima. Uzito mtupu. Kwenye ugonjwa kuna alama ya kurudia ya hapo juu, na ya hapo juu nayo inarudia ya juu yake, hadi unafika juu kabisa unakuta ukurasa umechanika. Muuguzi aliyeandika si mzembe: yuko peke yake zamu nzima, anazalisha, anachoma sindano, anagawa dawa na anajaza vitabu zaidi ya kumi. Kitu kinachoitwa data ya Afrika, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wetu, huzaliwa hapo.

Sasa soma barua ya wazi ambayo watafiti zaidi ya 100 waliiandikia Lancet. Walipiga hesabu wakaona kwamba ili takwimu za Surgisphere za Afrika ziwe kweli, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona waliokuwa wameripotiwa barani, na asilimia 40 ya vifo, wangepaswa kuwa wamepitia hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye rekodi kamili za kielektroniki za kila mgonjwa. Muuguzi yeyote wa wilayani angeangua kicheko. Lakini muuguzi wa wilayani haombwi kuhakiki makala ya Lancet. Waliohakiki waliona jina la Harvard, jarida likaona namba 96,032, na kila mmoja akaamini mwenzake amekagua. Wakaguzi huru walipotaka data zenyewe, kampuni ikakataa kuzitoa. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa. Hata waandishi wa makala wasio wa kampuni hawakuwa wameziona data zote ghafi. Hicho bado kinanitatiza: majina makubwa, na hakuna aliyeomba kufunguliwa daftari, labda kwa sababu kuomba kungeonekana ni kumvunjia mtu heshima.

Na kuna heshima ya aina nyingine, ya dola. Wanaofanya utafiti Tanzania wote wanaikumbuka Desemba 2016. Dk. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba utafiti wa taasisi yake umekuta dalili za virusi vya Zika kwenye sampuli za damu za watu nchini. Wizara ikatamka kwamba Tanzania haina Zika. Mara moja uteuzi wake ukatenguliwa na Rais. Yeye alikuwa mtu mzito, na 2018 akaenda Geneva kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki 2022. Sisi tuliobaki chini hatuna Geneva ya kwenda. Nakumbuka wiki ile kwenye kundi letu la WhatsApp la wadodosaji na watakwimu hakuna aliyeandika maoni. Watu walituma tu kiungo cha habari, mmoja baada ya mwingine, kimya.

Miaka miwili baadaye Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopotosha au kudhalilisha zile rasmi, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo. Benki ya Dunia ikalalamika, na 2019 vipengele hivyo vikalegezwa. Mwaka ule mmoja katikati niliona ripoti mbili zikikaa kabatini, bila mtu kuamriwa aziweke kabatini. Kila aliyetakiwa kuzisaini alikuwa safarini.

Siku hizi, kabla sijachukua kazi, nauliza mambo machache na sioni aibu kuonekana mkorofi. Wadodosaji wanalipwaje, kwa siku au kwa fomu? Itifaki imesajiliwa wapi, na kipimo kikuu ni kipi? Kwa majaribio ya dawa usajili umekuwa wa lazima kwa majarida makubwa tangu 2005, na Afrika tuna sajili yetu, PACTR, kwa hiyo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulinganisha kilichoahidiwa na kilichoripotiwa. Kwa tafiti za kaya bado hiari ni nyingi. Na swali linalowaudhi watu kuliko yote: matokeo yakiwa mabaya, nani ana haki ya kuyazuia?

Hili la mwisho limenigharimu. Kampuni moja inayouza unga wa lishe ilitaka tuwapimie bidhaa yao wilayani. Mkataba ulikuja na kifungu kwamba matokeo yote ni mali ya mteja na hayatachapishwa bila idhini yake ya maandishi. Nikaomba viongezwe vitu viwili: wadodosaji walipwe kwa siku, na matokeo yatoke hadharani baada ya mwaka mmoja yawe yoyote yale. La posho wakalikubali palepale kwa simu. La pili likapelekwa kwa mwanasheria, likakaa huko wiki kadhaa, kisha ikaja barua pepe ya adabu sana kwamba wamepata timu nyingine.

Timu hiyo iliingia uwandani baada ya mavuno. Baadaye nilisikia kwamba hata ile posho ya siku haikudumu. Wamerudi kulipa kwa fomu. Nilisikia kutoka kwa binti mmoja niliyewahi kumfundisha kazi, aliyenipigia saa tatu usiku akiwa huko.

"Shikamoo. Samahani kwa kukusumbua. Kaya ikikataa, kwenye fomu yao hakuna pa kuandika. Nijaze nini?"

Nikamwambia aandike "imekataa" kwenye sehemu ya maoni, na jina la kitongoji, na saa aliyopiga hodi.

"Hiyo hawalipi," akasema.

"Najua, mdogo wangu."